Gia ya Kushukia

Kwetu Rufiji mtu akikuambia anakwenda kupanda, anakusudia moja kati ya mambo matatu: mpunga, mnazi au mtumbwi. Nchi yetu imelala. Mto wenyewe hauna haraka; ukikaribia bahari hujigawa mikono mingi katikati ya mikoko kana kwamba haujui uende wapi. Nilizaliwa Utete, nikahamia Mbagala kwa baba mdogo nilipomaliza darasa la saba, na tangu hapo safari zangu zote zimekuwa za barabara moja: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, nyumbani. Iwe msiba, iwe harusi, njia ni hiyohiyo. Kaskazini nilikujua kwa watu wake tu, maana hakuna mtaa wa Dar es Salaam usio na duka la Mangi, kama tunavyomwita Mchaga mwenye duka, na Mangi wa mtaani kwetu kila Desemba hufunga duka akaenda kwao, akatuacha tunahangaika na sukari mpaka Januari.

Kwa hiyo mwishoni mwa Februari 2025, nilipokata tiketi ya kwenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, nilikuwa na miaka 45 na mlima nilikuwa nauona kwenye chupa na kwenye noti za pesa za zamani tu.

Kukimbia nilikuanza kwa sababu ya usingizi. Kuna kikundi cha jogging ambacho kila Jumapili saa 11 alfajiri hupita chini ya dirisha langu na filimbi, nyimbo na makofi, watu hamsini wamevaa fulana za rangi moja. Nililala macho Jumapili nyingi. Mwishowe nikaona heri niwe miongoni mwa wanaopiga kelele kuliko kuwa miongoni mwa wanaopigiwa. Viatu nilivipata soko la Karume, mtumba wa daraja la kwanza, soli bado ina meno. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakimbia nyuma kabisa pamoja na akina mama wanaopiga soga. Mwaka wa tatu nikawa mmoja wa wanaoshika bendera mbele. Rangi Tatu mpaka Sabasaba na kurudi, Barabara ya Kilwa yote ikawa kama sebule yangu.

Nikutajie na kazi yangu, msomaji, kwa sababu ndiyo inayonitia aibu katika habari hii. Nauza vipuri vya magari makubwa pale Gerezani, Kariakoo. Hasa vya breki. Nina miaka zaidi ya ishirini nyuma ya kaunta, na wateja wangu ni madereva wa malori ya Tunduma na Zambia, watu ambao maisha yao yanapimwa kwa Mlima Kitonga, mteremko mkali wa njia hiyo. Dereva mgeni akija kununua breki mara ya pili ndani ya muda mfupi, mimi humuuliza swali moja: Kitonga unashuka na gia gani? Sheria wanaijua wakongwe wote. Gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Ukishuka na gia nyepesi ukategemea mguu kwenye breki, utafika chini na moshi, au hutafika. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba vijana wa duka hulimalizia kabla yangu.

Sasa turudi kwenye mbio. Kocha wetu, ambaye kazi yake halisi ni fundi simu, alisikia kwamba njia ya Moshi ina mlima, akatupangia mazoezi. Mlima wa karibu tuliokuwa nao ulikuwa Daraja la Mfugale, pale TAZARA. Usicheke. Jumapili tatu mfululizo tulilipanda lile daraja la magari alfajiri kabla barabara haijachangamka, tunahesabu mizunguko, tunapumua kama injini ya dizeli asubuhi ya baridi. Tukifika juu tunapongezana. Kisha tunashuka tukiwa tunatembea, mikono kiunoni, tunajipumzisha ili tupande tena. Ndivyo nilivyojifunza mlima: kupanda ni kazi, kushuka ni mapumziko.

Wenzangu walikodi Coaster ya Jumamosi. Mimi nilitangulia Ijumaa kwa sababu dada yangu mdogo ameolewa Moshi na alikuwa na miaka sita ananilaumu kwamba sijawahi kukanyaga kwake. Saa 12 asubuhi basi lilitoka Mbezi, kituo cha Magufuli. Mpaka Chalinze ni njia ninayoisikia kwenye redio kila siku ya ajali na foleni, lakini pale tulipoiacha barabara ya Morogoro tukakata kulia, nikajikuta nimekaa wima kama mtoto. Tukapita daraja jipya la Wami. Jirani yangu kwenye kiti, mzee mmoja wa Kipare, alinionyesha chini bondeni lilipo lile la zamani, jembamba, la gari moja kwa zamu, akasema malori mangapi yaliteremka pale yakakosa breki. Nikamwambia nayajua, mengine yalikuwa ya wateja wangu.

Baada ya Korogwe na mashamba yake ya mkonge, ukuta ukasimama upande wa kulia. Sina neno jingine. Ukuta wa kijani uliofika mawinguni, unakwenda na barabara, hauishi. Nikamgusa mzee.

"Shikamoo tena, mzee. Huo ndio Kilimanjaro?"

Basi zima lilicheka, na kondakta akalirudia swali langu kwa sauti ili hata wa viti vya nyuma wasikose. "Marahaba mwanangu," mzee akasema alipomaliza kufuta machozi. "Hiyo ni Usambara. Baadaye utaiona Upare. Kilimanjaro bado saa nne, na huenda leo usiuone."

Mombo tulisimama kula. Chipsi zilikuwa za kawaida, ila matunda ya Lushoto kwenye ndoo za kina mama pale dirishani ndiyo yaliyoniridhisha. Baada ya hapo ni nchi kavu, mibuyu, mbuzi, mizinga ya nyuki, milima ya Upare inasindikiza upande wa kulia, na basi letu linatambaa kwa kilomita 50 kwa saa kila penye kibanda kwa kuogopa tochi za askari za kupimia mwendo. Mara moja tuliteremka kuchimba dawa karibu na Same, upepo wa moto ukatupiga uso. Mzee aliteremka Mwanga akaniachia ujumbe: nisiwe na haraka.

Na kweli sikuuona. Tulifika Himo, tukaingia Moshi saa 10 jioni, nikawa natazama kaskazini kama mtu anayemsubiri mgeni stendi, na kilichokuwapo ni wingu moja zito jeupe. Shemeji alinipokea. "Uko pale," akasema akionyesha wingu kwa kidole. "Mchana huwa unajifunika. Shemeji, kesho uamke kabla ya jua."

Niliamka. Nilitoka uani kwa dada, mtaa wa Majengo, na kikombe cha chai mkononi, giza linapauka, nikatazama pale nilipodhani mlima ungekuwa. Hakuna kitu. Kisha nikainua macho zaidi, juu zaidi ya pale ambapo akili ilikuwa tayari kuangalia, na Kibo ilikuwa imekaa hapo, nyeupe, kimya, kama imechorwa angani na haina uhusiano na ardhi niliyosimama. Nilijua namba: mita 5,895. Namba haikunisaidia chochote. Chai ilipoa.

Jumamosi hiyo tulichukua namba za kukimbilia, kisha shemeji akanipeleka kuiona njia. Mji wa Moshi wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kuelekea Mweka inaondoka mjini inapanda mlimani bila kupumzika. Tuliifuata kwa miguu kama saa moja na nusu. Huko ndiko kwenye vihamba, na mtu wa pwani aliyezoea shamba kuwa mbali na nyumba hushangaa: nyumba imo ndani ya shamba, migomba imeifunika kahawa, kahawa imekaa kivulini, ng'ombe yuko bandani anasubiri majani, na kando ya njia maji ya mfereji yanateremka, mfongo wenyewe wanauita, umechimbwa na mababu. Hakuna kipande cha ardhi kilichoachwa kipumzike. Nilianza kumwelewa Mangi wa mtaani kwetu na duka lake la futi sita kwa sita lenye kila kitu.

Tulipokuwa tunapanda, akina mama walikuwa wanashuka kwenda sokoni, mikungu ya ndizi kichwani. Nilisimama kuwapisha, na jambo moja nikaliona bila kulielewa. Hawakuwa wanakanyaga kama mimi. Magoti yao hayakunyooka hata mara moja. Hatua zilikuwa fupi na za harakaharaka, nyayo zinagusa chini tu na kuondoka, na mikungu juu ya vichwa haikutikisika. Mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, alitupita huku anasimulia jambo kwa mwenzake wa nyuma bila kugeuka.

"Huku kwetu watu hawashuki na miguu," shemeji akasema. "Wanashuka na magoti."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa shemeji kwa shemeji.

Jioni dada alinipikia mtori, bakuli mbili, akanikataza ya tatu. Nililala saa 3.

Uwanja wa mbio ni wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na kwa mawazo yangu hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia mbio za Moshi. Wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, zama za mkoloni, na chuo kikazaliwa 1963 kuwafundisha wanaushirika wa nchi nzima. Asubuhi ya mbio ushirika ulikuwa wa namna nyingine: maelfu ya watu, vikundi vya jogging vya Temeke na Kinondoni na nyimbo zao, Wazungu waliopakwa losheni nyeupe puani, wanajeshi wakimya wenye miguu ya waya, bibi mmoja amebeba picha ya marehemu mumewe imebandikwa kifuani. Wenzangu wa Coaster walifika dakika 20 kabla ya mbio, hawakulala, wakiimba. Nilikuwa na mpango nimeuandika kwa kalamu kiganjani: saa 2 na dakika 15. Nilipanda kwa tahadhari, hilo najisifu. Kuanzia pale lami ilipoinuka nilipunguza, nikahesabu pumzi, nikawaacha vijana wapite. Penye mwinuko mkali nilitembea kwa mikono magotini bila aibu. Ilikuwa Jumapili, na watu waliokuwa wanakwenda ibadani walisimama kando ya njia na vitabu vyao vya nyimbo kwapani. Watoto wananyoosha viganja. "Mzee kaza! Bado kidogo!" Bado kidogo ya Moshi isikudanganye, niliambiwa bado kidogo tangu kilomita ya nne. Mbele yangu, kila migomba ilipofunguka, Kibo ilikuwa palepale, haisogei, haikui wala haipungui, na mimi naielekea jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu.

Niligeuka nikiwa nimetumia saa 1 na dakika 19. Pumzi ninayo. Miguu ninayo. Nilikunywa maji, nikamimina mengine kichwani, nikaupa mlima mgongo, na mbele yangu nchi yote ikafunguka: Moshi chini, tambarare ya Wamasai inapotea kwenye ukungu, na lami inateremka, inateremka. Nikajiambia maneno ambayo ningependa kuyafuta katika historia yangu: sasa ni mapumziko.

Niliachia.

Nikiandika haya bado naikumbuka raha ile, sitaikana. Kilomita ya 12 dakika 5. Ya 13 dakika 5 kasoro. Hatua ndefu, kisigino mbele, upepo masikioni. Niliwapita wale vijana walionipita, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpa neno la kumtia moyo kwa sauti ya mtu mwenye akiba. Nilimpita mzee mmoja mwembamba mwenye viatu vya raba vilivyokwisha, anayeshuka kwa vihatua vidogo kama anatembea juu ya mayai, magoti yamekunjwa. Nilimhurumia. Kwa mahesabu yangu, kilomita sita nilizimaliza kwa nusu saa tu, kasi ambayo kule Barabara ya Kilwa, tambarare, sijawahi kuikaribia.

Kabla kidogo ya kilomita ya 17 nilisikia paja la kulia linatetemeka. Halikuuma, lilitetemeka tu, kama bati la lori likipita kwenye rasta. Kisha la kushoto. Nikapunguza mwendo na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina cha kupunguzia. Kila nilipotua mguu, goti lilitaka kukunjika lenyewe mpaka chini. Nilijaribu kukimbia pembeni kwenye majani. Nilijaribu kukimbia upande upande kama kaa wa Rufiji. Pumzi zilikuwa tele, moyo umetulia, tumbo zuri, na miguu haipo. Nikaanza kutembea, na kutembea kwenyewe kulikuwa kwa kujishika.

Yule mzee wa vihatua alinifikia. Hakunitazama hata kwa dharau. Alisema tu, "Pole, mwanangu, breki zimeungua," akaendelea, puta, puta, puta, magoti yamekunjwa, mpaka akapotea kwenye kona.

Nadhani unaweza kuelewa nilivyojisikia. Mimi, wa Gerezani.

Kilomita nne na nusu za mwisho zilinila dakika 45. Nilivuka mstari kwa saa 2 na dakika 34. Kama ningeshuka kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, ambao niliuweza kwa pumzi na kwa miguu, ningemaliza kwa saa 2 na dakika 23 hivi, nimesimama wima. Msichana alinivisha medali, nikamwambia asante, nikatafuta mahali pa kukaa, na kukaa kwenyewe kulihitaji watu wawili.

Pale chini ya mti nilipokaa kulikuwa na mwenzangu wa kikundi aliyenifariji kwa Akhwari. Katika nchi hii mkimbiaji akichechemea lazima atajiwe John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, goti likateguka, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, kitambaa cha damu mguuni, kwa sababu nchi yake ilimtuma kumaliza. Nilimwomba mwenzangu aache. Akhwari aliumizwa na ajali. Mimi sikuanguka, sikusukumwa, na hakuna aliyenituma. Nadhani tunamtumia vibaya mzee yule tunapomfanya bandeji ya uzembe wetu. Yeye alikuwa mkimbiaji wa kiwango cha juu aliyejiandaa.

Jumapili usiku nilijisikia vizuri tu, nikashangaa. Jumatatu asubuhi nilitoka chumbani kwa dada nikifuata chai, kuna vidato vitatu vya kushuka uani, na sikuweza. Nilivishuka kinyumenyume, mikono ukutani. "Kaka," dada akasema, "Mungu akusamehe, unashuka kama mtu anayeingia kisimani." Jumanne ilikuwa mbaya zaidi, na Jumanne ndiyo siku niliyokaa saa kumi ndani ya basi. Kila kituo abiria wote waliteremka kabla yangu.

Nimesoma na kuuliza tangu siku ile, nikaelewa kilichotokea, na kama nilivyohofia ni habari ya breki tupu. Ukipanda, msuli wa paja hujikunja ukisukuma; kazi hiyo inakula pumzi, kwa hiyo mwili unakuonya mapema. Ukishuka, msuli uleule unafanya kazi ya kuzuia: umekaza huku unavutwa urefuke. Pumzi haihitajiki sana, ndiyo maana unadanganyika kwamba umepumzika, lakini ndani nyuzi ndogo za msuli zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na nguvu hupungua kwa siku kadhaa. Kadiri hatua inavyokuwa ndefu na goti linavyonyooka, ndivyo pigo linavyokuwa kubwa. Akina mama wa ndizi na mzee wa vihatua walikuwa wanashuka na gia ya pili. Mimi nilitia nyutro.

Siku chache baadaye Ramadhani iliingia, nikapata sababu nzuri ya kupumzika. Sikukimbia mwezi mzima. Baada ya Idi nilirudi kwenye kikundi, lakini akili haikuwa tena Barabara ya Kilwa.

Nilitafuta mteremko. Dar es Salaam si tambarare kama tunavyosema. Tambarare ni pale tunapopenda kukimbilia. Ukitoka Gongo la Mboto ukapita Pugu kuelekea Kisarawe kuna vilima vya kweli na msitu pembeni, na lami yake ina miinuko ya kumtosha mtu wa Rufiji. Kila Jumamosi ya pili naenda huko. Napanda nikitembea. Hilo limewachanganya sana wenzangu: napanda nikitembea, nashuka nikikimbia, kinyume cha tulivyofanya Mfugale. Hatua fupi, magoti laini, kifua mbele kidogo badala ya kujirudisha nyuma, sikio linasikiliza: unyayo ukipiga kelele, nimekosea. Mara ya kwanza nilishuka mara nne tu nikaumwa siku tatu. Wiki mbili baadaye nikashuka mara nne zilezile na sikuumwa hata kidogo. Na huo ni ukweli wa mwili unaonifurahisha kuliko wote: msuli ukichanika kwa kushuka, unajijenga na kinga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ningefanya hivyo mara mbili tu mwezi wa Januari, Moshi ningemaliza mbio zangu nikikimbia.

Nyumbani pia nashuka ngazi. Jirani yangu ana nyumba ya ghorofa moja. Kila jioni ananiruhusu kushuka ngazi zake polepole, kidato kimoja kwa hesabu ya tano, mguu mmoja umebeba mwili wote. Watoto wake wanadhani naumwa.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, nilifika dukani nikakuta vijana wote wameinamia simu moja. Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo usiku ule tukiwa tumelala. Saa 2, dakika 9, sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros ameandikiwa muda uleule. Waliwatenganisha kwa sekunde 0.03, kwa picha. Kilomita 42 na ushei, halafu mtu anashinda kwa kifua. Gerezani nzima ilikuwa inazungumzia ile kasi ya mwisho. Mimi niliirudia video mara nyingi nikitazama mahali pengine. Nilikuwa natazama mapaja. Baada ya safari yote ile alipoyaamrisha yakimbie, yalimsikia.

Vijana waliniuliza kama Februari iliyofuata ningerudi Moshi. Nilikaa na kalenda nikakuta jambo ambalo sikulitegemea. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2026 ilikuwa ianze Februari 18 au 19, kutegemea mwandamo, na mbio za Moshi kwa desturi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2027 itaanza mapema Februari. Mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari na kwisha mwishoni mwa Februari. Rafiki yangu mmoja mwenye majibu mepesi amenikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula. Najua. Lakini kusafiri ili nipate kula, halafu nikimbie, naona ni kumpigia Mungu hesabu za dukani.

Katikati hapo nitakwenda Mwanza kwenye Rock City Marathon, kule nako kuna mawe na miinuko, nijipime. Moshi nitarudi Februari 2029, Idi ikiwa imeshapita, nikiwa na miaka 49. Dada nimeshamwarifu, na amesema vile vidato vitatu vya uani havitabomolewa. Kesho ni Jumamosi ya Kisarawe.